Si uvivu: akili na mwili wa mgonjwa wa skizofrenia

Ukitoka Nyawera ukapanda mpaka Kadutu, au ukishuka kwenda Panzi, hukawii kukutana na mtu ambaye watu wa Bukavu wanamwita kichaa. Nguo zake zimechanika, anasema peke yake, watoto wanamfuata wakimtupia mawe. Huyo kila mtu anamwona. Lakini yuko mwingine ambaye hatumwoni. Ni kijana aliyerudi nyumbani kutoka lopitali. Sauti zilizomsumbua zimenyamaza, hapigi mtu, hakimbii ovyo usiku. Jamaa yake wanamshukuru Mungu na kusema: «Amepona.» Kisha siku zinapita, naye anakaa tu karibu na ukuta. Anasahau alichotumwa, anachelewa kujibu, analala mchana, hatafuti kazi. Basi maneno yanageuka: «Dawa zimemfanya mvivu.» Wengine wanasema: «Alikuwa akijifanya.» Wengine tena: «Kuna mtu aliyemfunga.»

Katika kurasa hizi tunataka kusema juu ya huyu wa pili, maana ndiye anayeletwa mbele ya padri, ya katekista na ya wazee wa shirika ili aonywe. Neno letu ni moja: kile tunachokiita uvivu wake, mara nyingi ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Skizofrenia haileti sauti tu na mawazo yasiyo ya kweli. Inapunguza pia kazi ya akili, na inadhoofisha mwili. Sehemu hiyo ina msaada wake, nao si fimbo wala matusi.

1. Ugonjwa huu ni nini?

Skizofrenia inampata karibu mtu 1 katika watu 300 duniani, katika mataifa yote, kwa matajiri na kwa maskini. Mara nyingi inaanza kati ya miaka 15 na 30, kwa wanaume mapema kidogo kuliko kwa wanawake. Tuangalie vizuri miaka hiyo: ndiyo miaka ya seminari ndogo na ya seminari kubwa, ya chuo kikuu, ya kuoa na kuolewa. Si ajabu basi ikiwa mwalimu ndiye wa kwanza kuona kwamba mwanafunzi wake mwema anarudi nyuma katika masomo bila sababu.

Inatoka wapi? Waelimu hawakuona chanzo kimoja tu. Kuna urithi wa damu; kuna shida zilizompata mtoto tumboni mwa mama au wakati wa kuzaliwa; kuna bangi, hasa kwa kijana anayeivuta mapema na kwa wingi; kuna mateso makubwa ya maisha. Mambo hayo yanaungana, moja likiongeza lingine. Haitoki katika malezi mabaya ya mama, wala jirani aliye na jicho baya hawezi kuituma usiku.

Mwisho wa karne ya 19 munganga mmoja wa Ujerumani, Emil Kraepelin, aliwachunguza wagonjwa hao, akaona kwamba akili yao inapungua wakiwa bado vijana. Akauita ugonjwa kwa Kilatini «dementia praecox», yaani kupotewa na akili kabla ya wakati. Katika mwaka 1908 Eugen Bleuler wa Zürich alitoa jina jipya, skizofrenia, kwa kuwa aliona si wote wanaoishia vibaya. Jina hilo la Kigiriki lina maana ya akili iliyopasuka. Wengi wanakosea wakifikiri ni watu wawili ndani ya mtu mmoja. Sivyo: mtu ni yuleyule, lakini mawazo, hisia na matendo yake hayashikamani tena vizuri.

Wanganga wa leo wanagawa dalili katika mafungu matatu. La kwanza ni yale yanayozidi: kusikia sauti wasizosikia wengine, kusadiki kwamba watu wanakufuata au wanasoma mawazo yako. La pili ni yale yanayopungua: hamu, furaha, maneno, na nguvu ya kuanza jambo. La tatu ni kazi ya akili: kukaza fikira, kukumbuka, kupanga. Fungu la kwanza linapiga kelele, na kila mtu analiona. La pili na la tatu yananyamaza, lakini ndiyo yanayomzuia mtu kurudi kazini na shuleni.

2. Dawa zinafanya nini, na haziwezi nini?

Katika mwaka 1952, huko Paris, Jean Delay na Pierre Deniker walionyesha kwamba dawa inayoitwa klorpromazini inatuliza wagonjwa wa namna hii. Katika mwaka 1958 watumishi wa Paul Janssen, nchini Ubelgiji, walivumbua haloperidoli, ambayo inajulikana sana hata katika nyumba zetu za matunzo. Dawa hizo zinazuia kazi ya kitu kimoja cha ubongo kinachoitwa dopamini. Kwa wagonjwa wengi sauti zinapungua, woga unashuka, usingizi unarudi. Hiyo ni neema kubwa. Anayeacha dawa kwa sababu anajiona mzima, au kwa sababu mtu fulani alimwambia kwamba imani inatosha, mara nyingi anaanguka tena, na kila anguko linaweza kumrudisha nyuma zaidi.

Lakini tuseme kweli yote. Dawa hizo zinasaidia sana fungu la kwanza; fungu la pili na la tatu zinayasaidia kidogo tu. Ndiyo maana kijana wetu hasikii tena sauti, lakini akili yake bado inatembea polepole. Tena kuna jambo ambalo inafaa lijulikane. Haloperidoli inaweza kukaza mikono na miguu. Ili kulegeza mwili wanganga wanaongeza dawa nyingine, triheksifenidili, ambayo wengi wanaiita Artane. Hii ya pili, ikitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu, inaweza kupunguza kumbukumbu. Basi jamaa wakiona mgonjwa anasahau kuliko zamani, wasitupe dawa. Warudi kwa munganga wamwulize kama kipimo kinaweza kubadilishwa.

3. Akili inavyochelewa

Tuchukue mfano wa kila siku. Mama anamtuma mwanawe sokoni Kadutu: «Lete chumvi, sabuni, sambaza za faranga elfu mbili, upitie kwa shangazi umwambie aje kesho.» Kwa mtu mzima ni jambo jepesi. Kwa mgonjwa wa skizofrenia ni mlima. Kwanza, anasikia sauti ya mama pamoja na redio ya jirani na kelele za watoto, naye hawezi kuchagua upesi ipi aisikilize. Pili, akili yake haiwezi kushika mambo manne kwa mara moja; la nne likiingia, la kwanza linatoka. Tatu, inampasa kupanga: nianzie wapi, pesa nigawe namna gani? Nne, muuzaji akikunja uso, yeye hajui kama ni hasira, mzaha au uchovu. Anarudi na chumvi tu. Mama anasema: «Hunipendi.» Kumbe hakukosa mapendo, alikosa nafasi katika kumbukumbu.

Upungufu huu hauanzi na sauti. Kwa wagonjwa wengi ulianza mbele, wakati wa shule, na unabaki hata ugonjwa ukitulia. Tena wagonjwa hawafanani: mmoja anapoteza kidogo tu, mwingine sana. Hata mwenye shida kubwa anaweza kuimba zaburi zote za utoto wake, kulima mstari ulionyoka, kucheza ngoma bila kukosa. Yaliyoingia zamani mwilini na moyoni yanakaa. Mapya ndiyo yanayoteleza.

4. Mwili nao unaumwa

Tumezoea kufikiri kwamba mwenye wazimu ana nguvu za ajabu. Elimu inatuonyesha kinyume. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba wagonjwa wa skizofrenia wanafikiwa na kifo cha mapema mara 2 au 3 kuliko watu wengine. Wengi hawafi kwa mkono wao wenyewe wala kwa ajali, bali kwa moyo, kwa mishipa ya damu, kwa ugonjwa wa sukari, kwa magonjwa ya kuambukiza.

Sababu ni nyingi, na zinafungana. Nguvu ya kuanza jambo imepungua, basi mtu anakaa. Anayekaa miezi mingi anapoteza misuli na pumzi. Dawa nyingine zinaongeza njaa na uzito. Nyingine zinafupisha hatua, au zinaifanya miguu isitulie hata akiwa amekaa. Wengi wanavuta tumbaku. Umaskini unaleta chakula kibaya. Tena kuna kosa la watu wazima: mgonjwa akisema kifua kinamwuma, wanaomsikia wanasema ni kichaa chake, na kifua hakipimwi. Kikohozi cha miezi miwili kwa mgonjwa wa akili ni kikohozi sawa na cha mwingine: inapashwa kutafuta kifua kikuu.

Mji wetu umejengwa juu ya vilima na mabonde kando ya ziwa Kivu, karibu metre 1,500 juu ya bahari. Hapa kila safari ni kupanda au kushuka. Kijana aliyekaa mwaka mzima nyumbani hawezi kupanda tena kutoka mtoni na bidoni ya maji. Anasimama mara tatu njiani, watu wanacheka. Kumbe moyo na miguu vimesahau kazi yao.

5. Namna ya kupima

Haihitaji mashine za bei kubwa. Kupima mwili, wanganga wanachagua njia iliyo sawa, kwa kawaida ya metre 30, wanamwomba mgonjwa atembee kwenda na kurudi kwa dakika 6, halafu wanahesabu metre alizotembea. Au wanampa kiti na kuhesabu mara ngapi anasimama na kukaa katika sekunde 30. Kupima akili, wanamsomea orodha ya maneno na kumwuliza tena baadaye; wanamtajia hesabu ili azirudishe kinyumenyume; wanamwomba ataje wanyama wengi iwezekanavyo katika dakika moja.

Hapa tuwe na busara. Vipimo vingi vya akili vilitengenezwa Ulaya na Marekani kwa watu waliosoma. Mtu aliyekulia Kabare au Walungu, aliyesema Mashi maisha yake yote, ukimpima kwa Kifaransa, unapima shule yake kuliko ugonjwa wake. Inapashwa kumwuliza kwa lugha ya nyumbani kwake, na kumlinganisha na wenzake waliosoma sawa naye. Hasa tumlinganishe na yeye mwenyewe: mwezi uliopita alitembea metre ngapi, na leo ngapi?

6. Mwili unaweza kuinua akili

Sasa tumefika kwenye habari njema. Akili na mwili si nyumba mbili zilizotengana. Wagonjwa wenye pumzi na miguu yenye nguvu zaidi mara nyingi wana akili inayofanya kazi vizuri zaidi. Katika mwaka 2017 waelimu walioongozwa na Joseph Firth wa Manchester walikusanya majaribio 10 yenye wagonjwa 385. Waliona kwamba mazoezi ya mwili yanayoongeza pumzi, kama kutembea haraka au kukanyaga baiskeli, yaliinua kazi ya akili: kukaza fikira, kushika mambo kwa muda mfupi, na kuelewa watu wengine. Faida ilikuwa kubwa zaidi pale ambapo mtu mwenye ujuzi aliwasimamia. Hakuna aliyesema kwamba mazoezi yanachukua pahali pa dawa. Yanafanya kazi ambayo dawa peke yake haifanyi.

Jambo hili lina mizizi ya zamani katika familia ile inayotunza wagonjwa wa akili kwetu. Katika mwaka 1815, mjini Gand nchini Ubelgiji, Padri Petro Yosefu Triest na Mafurere wa Mapendo (Frères de la Charité) waliwafungua wagonjwa waliofungwa kwa minyororo katika vyumba vya chini vya ngome ya zamani. Tangu mwaka 1828 munganga Joseph Guislain alifanya kazi pamoja nao, akataka mgonjwa atendewe kama mtu, apewe kazi, hewa na mpango wa siku. Leo Mafurere haohao wanatunza wagonjwa wa akili Ndera nchini Rwanda, Kamenge nchini Burundi, Goma, na hapa Bukavu katika nyumba ya SOSAME, iliyoanzishwa katika miaka ya 1990, miaka ambayo vita na wakimbizi vilijaza Kivu huzuni.

Minyororo haijaisha duniani. Katika mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilionyesha kwamba katika nchi karibu 60 wagonjwa wa akili bado wanafungwa kwa minyororo au katika vyumba vidogo. Tusifikiri ni mambo ya mbali. Mtu aliyefungwa kamba katika chumba cha nyuma, au katika nyumba ya maombi akingojea pepo limtoke, anapoteza kila juma sehemu ya misuli yake na ya akili yake. Tunamfunga kwa sababu hana akili. Kisha tunashangaa kwamba akili hairudi.

7. Tufanye nini nyumbani na katika shirika?

La kwanza ni kuagiza jambo moja kwa mara moja. Usiseme: «Pika.» Sema: «Washa moto.» Akimaliza: «Weka maji.» Kisha: «Leta unga wa bugali.» Anayepewa hatua ndogo anafika mwisho, anayepewa kazi nzima anakaa.

La pili ni kumwandikia, au kumchorea asiyejua kusoma. Karatasi ukutani yenye mambo manne ya siku ni kumbukumbu ambayo ugonjwa hauwezi kuila. Saa ya dawa iungwe na jambo lisilosahaulika, kwa mfano chakula cha jioni.

La tatu ni kutembea naye. Tusimwambie aende, twende pamoja, maana kuanza ndiko kunakomshinda. Dakika 10 kwa siku katika juma la kwanza, kisha 15, kisha 30, kwa mwendo unaomfanya apumue kwa nguvu lakini aweze bado kusema. Mwenye kuumwa kifua au kuvimba miguu amwone munganga kwanza. Ndugu wa shirika wakigawana siku za juma, hakuna atakayechoka.

La nne ni kazi ya kweli yenye kipimo chake: kupalilia mistari miwili ya maharagi, kuchota bidoni moja, kupanga viti vya kanisa. Mjini Geel, nchini Ubelgiji, tangu Miaka ya Kati familia za kawaida zinapokea wagonjwa wa akili na kuishi nao, kila mmoja akifanya anachokiweza. Mama zetu wa vilima wanaweza kuelewa mpango huo bila mwalimu.

La tano ni kumlinda na bangi, kanyanga na kasiksi, na kumpima tansio, uzito na sukari kila mara awezapo.

La sita ni pesa ya dawa. Februari 2025, M23 walipouingia mji, banki zilifunga milango na uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa. Jamaa nyingi zikahesabu upya kila faranga. Katika nyakati za namna hiyo dawa ya mgonjwa wa akili ni ya kwanza kukatwa, kwa sababu yeye mwenyewe halalamiki. Kapu la maskini la parokia likumbuke jambo hilo.

8. Neno kwa padri

Katika masomo ya moralia tunajifunza kwamba dhambi nzito inahitaji jambo zito, kujua vema na kukubali kwa hiari. Uvivu ni kilema cha mtu anayeweza kuanza na hataki. Mgonjwa wetu mara nyingi anataka na hawezi kuanza. Anayemwungamisha amwulize polepole, swali moja kwa mara moja, amwachie muda wa kujibu. Toba iwe fupi na ya kukumbukwa. Asimfanye mtoto mchanga pia: anayo hiari yake, anazo aibu zake, na anajua nani anamheshimu.

Na juu ya mapepo? Rituali ya Kiroma ya mwaka 1614 iliwaonya tayari mapadri wasisadiki upesi kwamba mtu ameshikwa na pepo, bali wapambanue na ugonjwa. Kitabu kipya cha mwaka 1999 kinataka vilevile tuwasikilize wanganga. Basi kumwombea mgonjwa ni vema sana, na kumpaka Mafuta Matakatifu ni haki yake. Kumwondolea dawa kwa jina la sala ni kumfanyia vibaya.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba angalau mgonjwa 1 katika 3 anaweza kupona kabisa. Wengine wengi wanaweza kuishi vizuri na ugonjwa wao wakisindikizwa. Kijana anayekaa karibu na ukuta haombi mengi: dawa isiyokatika, agizo moja kwa mara moja, na mtu wa kupanda naye kilima. Tunaposema «ni mvivu», tunafunga mlango huo. Tuangalie kwanza kama kuna aliyekwisha kumshika mkono asimame.